Jinsi ya kuitunza bandama ukiwa na malaria (maana ndo inayokupigania)

Watu wakiskia malaria wanawaza ini, kichwa kuuma, damu kupungua, basi. Bandama, wengine tunaiita wengu, haitajwi mpaka siku ivimbe, na hapo ndo utaskia "fulani ana bandama" utadhani sisi wengine hatuna.

Ipo juu kushoto chini ya mbavu, kwa mtu mzima haizidi sana ngumi na uzito wake ni kama gramu 150 hadi 200, na ikiwa nzima kwa kawaida huigusi kwa mkono. Kazi yake ni chujio la damu. Seli nyekundu moja ina upana wa maikroni 7 au 8 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), alafu kule ndani ya bandama inatakiwa ipenye kwenye nyufa za maikroni 1 hadi 2, ikiwa nzima inajikunja inapita, ila ikishaingiwa na kimelea inakakamaa, inakwama, na pale pembeni kuna seli walaji zinazosubiri, zinaimeza na kimelea chake. Kitu kinachonishangaza mimi zaidi ni kwamba dawa ikiua kimelea kikiwa bado kichanga, bandama inaweza kukinyofoa na kuiacha seli iendelee na safari, kama mtu anayetoa mwiba bila kukata mguu. Na hapo hapo inashiriki kutengeneza kingamwili za kukusaidia malaria ijayo.

Sasa falsiparamu, ile malaria kali, inakwepa hili chujio kijanja sana. Vimelea vyake vikikomaa vinajibandika kwenye kuta za mishipa midogo, mpaka ya ubongo, ili visizunguke vikapita kwenye bandama. Kwaiyo kipimo kinaweza kuonyesha wadudu wachache na mgonjwa yuko hoi, msimdharau.

Haya, ufanye nini. Cha kwanza ni kupima mapema na kumaliza dozi, sababu kila siku unayochelewa unaiongezea bandama mzigo wa seli za kusafisha. Kama umepewa dawa mseto ya artemeta na lumefantrini ni mara 6 ndani ya siku 3, ya pili inafuata masaa 8 baada ya ya kwanza, na umeze pamoja na chakula chenye mafuta mafuta maana bila mafuta hainyonywi vizuri. Homa ikishuka siku ya pili usiziweke zilizobaki kabatini eti akiba.

Cha pili, acheni kubonyeza tumbo! Bandama ikivimba haraka ngozi yake inatanuka, inakuwa laini, na inaweza kupasuka hata kwa pigo dogo, saa ingine bila pigo lolote. Daktari anaipapasa kwa utaratibu, mgonjwa analala chali, mkono unaanzia chini ya tumbo unapanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto huku mgonjwa akivuta pumzi, ili bandama yenyewe ishuke ikutane na vidole. Sio kila ndugu anayekuja kusalimia naye ajaribu. Hakuna kukandwa tumbo, hakuna mpira, mieleka wala kunyanyua mizigo mpaka upimwe uambiwe imerudi. Homa tulizeni na parasetamo kwa kipimo chake, aspirini wekeni pembeni kabisa.

Ukiona maumivu ya ghafla juu kushoto, au bega la kushoto linauma na hujaliumiza, pamoja na kizunguzungu, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, hiyo ni emajensi, nenda hospitali muda huo huo usisubiri kukuche, maana damu inaweza kuwa inavujia tumboni.

Hili wengi hawaambiwi: ukitibiwa malaria kali kwa sindano ya atesuneti, zile seli zilizonyofolewa vimelea zinarudi kwenye mzunguko ila haziishi muda mrefu, zinaweza kupasuka kwa pamoja wiki 1 hadi 3 baadae, wewe ushajihesabu umepona. Mkojo unakuwa mweusi kama kola, macho njano, unachoka mpaka kupanda ngazi ni shida. Kwaiyo rudi kupima wingi wa damu kila wiki mpaka wiki ya 4 hata kama unajiskia freshi.

Kama uvimbe hauishi baada ya matibabu, usiseme tu "ni malaria ya zamani". Kichocho, ugonjwa wa ini, kala azari (ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na nzi wa mchanga) na hata saratani za damu vinaweza kuivimbisha, kwaiyo omba altrasaundi na vipimo vya damu. Ila ni kweli wapo ambao imekuwa kubwa sababu ya malaria za kujirudia miaka na miaka, na hao mara nyingi wanapewa dawa za kuzuia malaria kwa muda mrefu, sio kukimbilia kuikata.

Maana ukiikata unaishi ndio, lakini chujio limeenda. Malaria kwako inaweza kuwa kali haraka, na baada ya dawa, mizoga ya vimelea inaonekana kwenye damu kwa muda mrefu zaidi, mpaka watu wanadhani dawa imegoma. Waambie kila mara wanaokuhudumia kwamba huna bandama, lala kwenye neti, ulizia dawa ya kinga, pata chanjo za nimokoka na meningokoka (bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo), na homa yoyote ile nenda siku hiyo hiyo. Wenye selimundu (sikoseli) nao wamo humu, wengi wao bandama imeshasinyaa tangu utotoni hata kama haijaguswa na kisu.