Kilimo cha mkataba kwa asiye na shamba: malizana na mwenye ardhi kabla ya kampuni

Mavuno yakishaingia ghalani, mawakala wa kampuni huanza kupita vijijini Kongwa, Chamwino, Bahi na Mpwapwa, mkoani Dodoma, kuandikisha wakulima wa msimu ujao, watakaokopeshwa mbegu na kuiuzia kampuni mavuno yao. Alizeti inatakiwa na viwanda vya mafuta, mtama mweupe na viwanda vya bia, zabibu na viwanda vya mvinyo. Fomu inauliza jina, namba ya simu, kijiji na idadi ya ekari. Mara nyingi haiulizi ekari hizo ni za nani, na kwa kijana au mama anayelima kwa kukodi, hapo ndipo msimu unapoanzia kuharibika.

Wengi hupokea mbegu za mkopo kwanza, halafu Novemba ndiyo wanaanza kuhangaika kutafuta shamba, wakati kila mtu anatafuta na bei ya kukodi imeshapanda. Wanaishia kupewa shamba lililochoka, au lenye gugu la kiduha, ambalo mwenyewe amelikimbia. Kiduha kinanyonya mtama tangu mizizini kabla hujaona ua lake juu ya ardhi. Zipo mbegu kama Hakika na Wahi zinazokivumilia, lakini kampuni inaweza kuwa inataka aina nyingine, na mbegu ya mkataba huchagui wewe. Kwa hiyo tafuta shamba mapema, Julai au Agosti, wakati mabua bado yamesimama. Utaona mwenyewe lilivyozaa, na mwenye shamba akiwa na shida ya fedha mtaelewana bei.

Makubaliano yaandikwe, hata kama mwenye shamba ni mjomba wako. Yasainiwe mbele ya mtendaji wa kijiji, na mke au mume wa mwenye shamba asaini pia, maana mashamba mengi ni mali ya familia, na wa kwanza kuja kukutoa huwa yule ambaye hakushirikishwa. Majirani wa mipakani wawe mashahidi. Andikeni kwamba muda unaisha mazao yakishatoka shambani, msiweke tarehe tu ya kalenda: mvua zikichelewa, mtama nao unachelewa. Mabua nayo yatajwe. Huku kwetu mabua ni malisho, na kama hamkuelewana, ng'ombe wa mwenye shamba wataingia ungali unakata masuke.

Omba misimu miwili au mitatu. Hakuna kinachokatisha tamaa kama kung'oa visiki na kumwaga samadi mwaka huu, halafu mwakani mwenyewe aone shamba limependeza alitake. Akikataa zaidi ya msimu mmoja, usiweke samadi yako humo, na zabibu usiiguse kabisa. Mzabibu unahitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili ndipo uanze kuzaa, na unaishi miaka mingi. Aliyepanda kwenye shamba la kukodi kwa mwaka amempandia mwenzake.

Njia nyingine ni kuomba ardhi kijijini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji, na kikundi cha wakazi kikijipanga kinaweza kupeleka maombi. Serikali nayo, kupitia BBT (Building a Better Tomorrow), mpango wake wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, imefungua mashamba makubwa ya pamoja kwa ajili ya vijana, Chinangali wilayani Chamwino likiwa mojawapo. Nafasi hizo hazitoshi wote, ndiyo maana bado nasisitiza mkataba wa kukodi.

Sasa kaa chini upige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme umekodi ekari 3 kwa shilingi 50,000 kila moja, na kampuni imekukopesha mbegu, mbolea na trekta vya shilingi 120,000 kwa ekari. Jumla ni 510,000. Kama bei ya mkataba ni shilingi 600 kwa kilo, unahitaji kilo 850 ili kurudisha gharama hizo tu, kabla ya palizi na chakula cha nyumbani. Jirani mwenye shamba lake anahitaji kilo 600. Mvua ikikatika Februari, yeye anaweza kuponea hapo na wewe ukabaki na deni. Mkataba ule ule, hatari mbili tofauti.

Ndiyo maana usisaini kabla hujaona kipengele cha ukame na cha kwelea kwelea, ndege wanaokula nafaka shambani. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Kiandikwe wazi: afisa ugani akithibitisha hasara, deni linasogezwa msimu ujao bila riba, wala hauzwi mbuzi wa mtu. Anza na ekari 1. Wakala atakusukuma uchukue 5 kwa sababu analipwa kwa ekari anazoandikisha, au anafanya kazi kana kwamba analipwa hivyo.

Na kampuni nazo zisikilize. Mnalalamika wakulima wanauza pembeni, lakini mchuuzi anakuja nyumbani na fedha taslimu, nanyi mnalipa baada ya miezi. Mpangaji anayedaiwa kodi hawezi kusubiri. Lipeni ndani ya wiki moja, wekeni bei ya chini isiyoshuka na ipandisheni soko likipanda. Ikiwezekana, kopesheni kodi ya shamba pamoja na mbegu na mumlipe mwenye shamba moja kwa moja.

Siku ya kuuza, kausha mtama hadi unyevu usiozidi asilimia 13, kisha upime mwenyewe kabla ya kwenda kituoni. Angalia kama mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo, na ukatae lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Kila mzigo unaopimwa upate risiti yenye tarehe, kilo, makato ya gunia na deni lililobaki. Ukiambiwa kitabu cha risiti kimeisha, piga picha mizani ikiwa na gunia juu yake, na ukurasa wa daftari la wakala wenye jina lako, kabla mzigo haujapanda gari.