Somo: Umeombwa paspoti kwa ajili ya PR (ukaazi wa kudumu) ya Kanada? Hatua zilizobaki ni hizi

Barua pepe ya kuombwa paspoti ikiingia, wengi wetu huanza kuandika barua ya kuacha kazi jioni ileile. Tulia kwanza. Ombi limekubaliwa, ila wewe bado si mkaazi wa kudumu. Ukaazi unaanza siku unapohojiwa na ofisa wa mpakani Kanada na yeye akakamilisha hati yako, na kati ya leo na siku hiyo faili bado linaweza kukwama. Somo hili ni kwa walioomba wakiwa nje ya Kanada kwa njia ya ujuzi wa kazi, wenye paspoti zinazohitaji viza, yaani karibu sote wa Afrika Mashariki. Walioko ndani ya Kanada nimewagusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: Ada ya mwisho. Kama hukulipa ada ya haki ya ukaazi wa kudumu mwanzoni, utaambiwa ulipe sasa. Tarehe 30 Aprili 2024 ilipanda hadi dola 575 za Kanada kwa mwombaji, na kiasi hichohicho kwa mwenza. Watoto wanaokutegemea hawalipiwi. Hurekebishwa kila miaka 2, kwa hiyo hakikisha kiasi kabla ya kulipa. Malipo yanafanyika kwa kadi kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Kanada. Akikupigia mtu kukuambia umtumie kwa M-Pesa, huyo ni tapeli, hata kama anajua namba ya faili lako.

Hatua ya 2: Tazama tarehe kabla hujapeleka paspoti. Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Vipimo vya afya vinadumu miezi 12. Utapewa hati ya kuthibitisha ukaazi, ambayo sote tunaiita COPR, na kwa kawaida tarehe yake ya mwisho hufuata kile kinachoisha mapema: vipimo au paspoti. COPR haiongezwi muda. Mwenye paspoti iliyobakiza miezi 4 anaweza kujikuta ana miezi 4 tu ya kuuza vitu, kuaga na kusafiri. Mimi ningeijulisha Idara kwa fomu ya mtandaoni, nikabadilisha paspoti kwanza, ndipo niipeleke.

Hatua ya 3: Peleka paspoti kwenye kituo cha kupokea maombi ya viza kilichotajwa kwenye barua yako, pamoja na nakala ya barua hiyo. Ukiombwa picha, mwambie mpiga picha vipimo kabla hajashika kamera: milimita 50 kwa 70, uso milimita 31 hadi 36 kutoka kidevuni hadi utosini. Picha za paspoti za kawaida za mtaani hazifai.

Hatua ya 4: Paspoti ikirudi ina viza ya kuingia mara moja, pamoja na COPR. Soma kila herufi. Majina yetu matatu yanawachanganya: jina la babu limekuwa la ukoo kwenye karatasi moja, kwenye nyingine limeachwa. Kikiwepo kisicholingana na paspoti, waandikie kabla ya kukata tiketi. Na usiweke saini. Utasaini mbele ya ofisa.

Hatua ya 5: Safari. Ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama hutoki uwanjani, kwa hiyo tiketi ya bei poa inaweza kuwa ghali. COPR ikae kwenye mkoba wa mkononi. Andaa orodha mbili za mali: unayoingia nayo na itakayofuata baadaye, hata kama ni kitanda cha mama kilichobaki Tanga. Kitu kisichokuwemo kinaweza kutozwa ushuru kikija. Fedha zinazofikia au kuzidi dola 10,000 za Kanada zitangazwe. Kuwa nazo si kosa. Kosa ni kuzificha.

Hatua ya 6: Mpe ofisa anwani ya Kanada itakayopokea kadi yako ya PR. Kama huna, una siku 180 za kuituma. Zikipita, itabidi uombe kadi mwenyewe na kulipia dola 50. Namba ya SIN (namba ya bima ya jamii) hutolewa bure na Service Canada, ofisi ya huduma za serikali, na unaihitaji ili kufanya kazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mombasa): Kaka, mke wangu amejifungua baada ya mimi kupeleka paspoti. Mtoto atabaki na bibi yake kwanza. Kuna haja ya kusema?

Jibu: Hongereni, na ndiyo, sema leo. Kanuni ya 117(9)(d) ya uhamiaji wa Kanada inasema mtu wa familia ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa kabla hujawa mkaazi hawezi kudhaminiwa baadaye kama mwanafamilia. Kubaki kwake na bibi hakubadilishi kitu. Lazima atajwe na apimwe afya hata kama hasafiri. Watachelewesha faili, kweli. Lakini nimeona watu wakinyamaza ili wasicheleweshwe, kisha wanahangaika miaka kumleta mtoto wao wenyewe. Ndoa nayo ni hivyohivyo: mkifunga kabla ya kuingia Kanada, itaje.

Swali (Mwanza): Nikipata PR napoteza uraia wa Tanzania?

Jibu: Hapana. PR si uraia. Utaendelea kusafiri na paspoti ya Tanzania. Suala hilo linakuja ukiomba uraia wa Kanada, baada ya kuishi huko siku 1,095 ndani ya miaka 5.

Swali (Kampala): Mimi ndiye mwombaji mkuu, ila kazi inanibana. Mke na watoto watangulie?

Jibu: Hapana, ndugu. Mwombaji mkuu huingia kwanza au pamoja nao.

Swali (Dar es Salaam): Naweza kuingia, nikarudi kumalizia mkataba wangu?

Jibu: Unaweza. Ila kadi inatumwa kwa anwani ya Kanada pekee, kwa hiyo tafuta mtu unayemwamini wa kuipokea. Na sharti ni kukaa Kanada siku 730 katika kila miaka 5. Siku unazomalizia Dar hazihesabiwi.

Swali (Edmonton): Mimi niko ndani ya Kanada, nilithibitisha ukaazi wangu kwenye lango la mtandaoni la Idara ya Uhamiaji nikapata COPR ya kielektroniki. Kadi bado, na nyumbani Nakuru kuna msiba. Niende?

Jibu: Pole sana, dada. Kutoka unaweza, shida ni kurudi. Shirika la ndege litadai kadi ya PR, na COPR haikubaliki badala yake. Ukiwa Kenya utaomba hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, dola 50, na kuisubiri, kwa hiyo mwombe mwajiri ruhusa yenye nafasi. Waweza pia kuomba kadi yako iharakishwe, ukiambatanisha tiketi na uthibitisho wa kifo. Na kwa wengine ambao bado hawajathibitisha kwenye lango: ukibonyeza kuwa uko Kanada, uwe Kanada kweli.