Namna ya Kuingiza Takwimu Zenye Mkato wa Desimali Bila Kuharibu Hesabu

Hapa Mtwara tunaandika shilingi 2,150 kwa mkato na kilo 12.5 kwa nukta, ilhali ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji, mkato ndio hutenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nukta au nafasi tupu. Karani wa korosho au ufuta anayepokea faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kutoka huko hana budi kulizingatia hilo kabla hajalifungua. Namba kama 28,5 haina hatari kubwa, kwa kuwa Excel huiacha kama maandishi na kuiweka kushoto mwa seli, ambapo jicho huiona. Inayotia hasara ni yenye tarakimu tatu baada ya mkato: tani 28,350 za lori moja hugeuka kimyakimya kuwa tani zaidi ya elfu ishirini na nane, na jumla hutoka bila onyo lolote.

Kwanza, usilifungue faili kwa kulibofya mara mbili. Fungua kitabu kipya cha Excel, ingiza faili kupitia menyu ya Data, kisha chagua Transform Data ili Power Query, sehemu ya Excel ya kusafishia data, ifunguke. Hakikisha safu zimetenganishwa ipasavyo. Mara nyingi kitenganishi huwa nukta mkato (;).

Pili, bofya kulia kwenye kichwa cha safu ya uzito, badilisha aina ya data kwa kufuata lugha na nchi (Using Locale), kisha chagua namba ya desimali na Kireno cha Msumbiji. Programu ikiuliza kama ibadilishe hatua iliyopo au iongeze nyingine, chagua kubadilisha. Hapa pataka umakini mkubwa, kwa sababu Power Query huwa imeshakisia aina ya data kwa mipangilio ya kompyuta yako, na hatua itakayoongezwa juu ya makisio hayo itapokea namba iliyokwisha kuharibika.

Tatu, safu ya thamani yenye namba kama 845.200,50 igeuze kuwa maandishi, tena kwa kubadilisha hatua iliyopo, funga Power Query na kupakia data kwenye Excel, kisha ndani ya jedwali andika =NUMBERVALUE(B2,",","."), B2 ikiwa seli yenye thamani hiyo. Alama ya kwanza ni ya desimali, ya pili ni ya maelfu.

Sishauri kubadilisha mipangilio ya Windows kwa ajili ya faili moja, kwani programu nyingine zote zitaathirika. Aidha, anayechagua Kiswahili katika mipangilio achague cha Tanzania, maana cha Kongo hufuata mkato wa desimali.

Kabla ya kujumlisha, panga uzito kuanzia mkubwa kwenda mdogo, kwani hakuna lori linalobeba maelfu ya tani, kisha linganisha jumla na hati za mizani za ghalani.

Wanaotumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu, watumie read.csv2, ambayo husoma nukta mkato na mkato wa desimali bila kuelekezwa, ila nukta za maelfu haiziondoi; wa pandas, zana ya lugha ya Python, waandike sep=";", decimal="," na thousands="." ndani ya read_csv.