SOMO: Kufundisha wanafunzi kutoa msaada kwa hesabu, bila kuchangisha hata senti

Kila ikikaribia Desemba swali ni lile lile: "Mwalimu, klabu yetu inataka kutoa msaada, tununue nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja inbox, kwa hiyo naweka somo zima hapa. Linafaa darasa la sita hadi kidato cha pili, vipindi vitatu vya dakika 40.

Vifaa: punje 10 za maharage kwa kila mwanafunzi (uwele usitumie, utapotelea sakafuni), vikopo vitatu, manila mbili, maka peni.

Hatua ya 1. Mtaarifu mkuu wa shule na mwalimu wa malezi. Waambie mapema kwamba hakuna mchango wowote, watakupa ruhusa haraka.

Hatua ya 2. Andika ubaoni: "Tuna shilingi 240,000 za kufikirika. Wasichana wa shule jirani wanakosa masomo siku za hedhi." Kikopo A ni taulo za dukani, B taulo za kufua, C pesa taslimu kwa mlezi. Wapige kura kwa punje bila maelezo yoyote. Matokeo yaandike pembeni mwa ubao, usiyafute.

Hatua ya 3. Wape kisa cha pampu ya bembea, dakika kumi tu. Ni bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, maji yanapanda kwenye tangi. Mwaka 2006 wafadhili wa Marekani waliahidi mamilioni ya dola ili zifungwe Afrika. Baadaye ikaonekana watoto wakichoka, akina mama ndio wanaoisukuma, na kazi ni kubwa kuliko pampu ya mkono. Gazeti moja la Uingereza lilipiga hesabu: kufikia lengo la watu 2,500 kwa pampu moja, watoto wangetakiwa kucheza saa 27 kwa siku. Hiyo 27 iache ubaoni, darasa litaigundua lenyewe.

Hatua ya 4. Hesabu. Hapa ndipo somo linapoharibika, nami nililiharibu hapa hapa. Wanafunzi watagawanya pesa kwa idadi ya VITU. Mfano (weka bei za duka la kwenu): pakiti ni 2,000, mara miezi 12 ni 24,000 kwa msichana, kwa hiyo 240,000 inatosha wasichana 10. Seti ya kufua ni 8,000 na inadumu mwaka, kwa hiyo wasichana 30. Darasa litashangilia B na kengele italia. Usiwaache waondoke hapo! Uliza: taulo inafuliwa kwa maji gani? Kijiji cha Bahi au Chamwino, huku Dodoma, ambako ndoo inafuatwa mbali wakati wa kiangazi, nani atatenga maji ya kufulia taulo? Sabuni je? Itaanikwa wapi juani bila kaka zake kuiona? Ikianikwa uvunguni haikauki vizuri, inaleta harufu na muwasho, msichana anaiacha. Sasa rudia hesabu: kati ya 30, wakitumia kweli 10 tu, 240,000 gawa kwa 10 ni 24,000. Sawasawa na ya dukani. Gawanya kwa anayetumia, usigawanye kwa aliyepokea.

Tahadhari mbili za hatua hii. Kwanza, usiwaambie taulo peke yake humrudisha msichana darasani. Choo kisicho na mlango na maumivu ya tumbo navyo humbakiza nyumbani. Pili, waulize: bila sisi ingekuwaje? Kama kuna mfadhili anayegawa tayari, pesa yetu haiongezi kitu.

Hatua ya 5. Waandike maswali matano ya kumuuliza matroni wa shule ile kabla ya kuamua. Yaende kwa barua. Msipeleke msafara na kamera.

Hatua ya 6. Kura ya pili. Linganisha na ya kwanza, kisha uliza aliyehamisha punje: nini kilikuhamisha? Aliyebaki palepale akiwa na sababu naye yuko sawa.

MAONI

Mdau wa Nkuhungu: Mkuu, kwa hiyo tununue za dukani au za kufua?

Mleta somo: Soma hatua ya 4 na ya 5.

Mdau wa Nkuhungu: Nimesoma, nataka jibu fupi.

Mleta somo: Matroni wao ndiye mwenye jibu fupi.

Ticha wa Hesabu: Darasa langu lina watoto 94. Punje zitaishia mifukoni na puani.

Mleta somo: Hahaa, kweli. Makundi ya sita sita, kila kundi punje 10, na lazima wakubaliane kabla ya kutumbukiza. Mabishano yale ndiyo nusu ya somo. Hesabu zinaandikwa na yule asiyeongea sana.

BintiMpwapwa: Kikopo C umekiweka halafu hukukigusa. Kwa nini?

Mleta somo: Umeniona. C ni kipimo: kila chaguo lijibu kwa nini ni bora kuliko kumpa mlezi hela ajinunulie. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikilipa kaya maskini pesa, wanafunzi wako wengi wanawajua walengwa, kwa hiyo wataleta hoja zao: anaweza kulipa deni dukani, anaweza kununua mbegu. Usiwakatishe. Wakishindwa kuishinda C kwa hoja, C imeshinda.

Ustadhi wa Kondoa: Wazazi watasema unawafundisha watoto kuhesabu sadaka.

Mleta somo: Hoja nzuri, shekhe. Zaka ina makundi yake manane ya wanaostahili kupewa, hilo hatuligusi. Tunachofundisha ni ndani ya kundi husika: kama ni maskini, kipi kitamfaa zaidi? Mwalike mwalimu wa dini kipindi cha tatu, akae mbele.

Mjasiri_12: Naomba PDF.

Mleta somo: Uzi ni huu huu.

MkulimaKongwa: Sisi klabu hugawa mahindi Februari, njaa ikiwa imekaza. Bei inatumaliza.

Mleta somo: Nunueni Juni au Julai baada ya mavuno, mhifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, anakosa hewa ndani.

MkulimaKongwa: Mwaka jana yaliota ukungu humo humo.

Mleta somo: Hayakukauka. Chukua chupa kavu kabisa, tia punje za mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi kwenye turubai yaanikwe tena.

Ticha wa Hesabu: Hiyo ya chumvi naiingiza kipindi cha sayansi kesho.

MkulimaKongwa: Chupa iwe ya kioo au hata ya soda ya plastiki?

Mleta somo: Yoyote yenye kifuniko, mradi uone ndani.