Child, kid, youth au teenager? Ninavyochagua ninapotafsiri

Neno la Kiingereza lililowahi kuniaibisha kuliko yote ni "youths". Nilipewa ripoti ya mradi nitafsiri, imeandikwa kwamba vijana 40 wamehitimu mafunzo ya ufundi. Nikaandika "40 youths". Mhariri aliyeipokea akanipigia simu kuuliza kama hao watu walitoka jela. Alikuwa anatania, ila si sana. Kwenye magazeti ya Kiingereza "a youth" aghalabu ni mvulana, na mara nyingi ametajwa kwa sababu kapigana, kaiba au kakamatwa. Nilitakiwa kuandika "40 young people", basi.

Tangu siku hiyo sianzi na umri. Naanza kwa kujiuliza ni nani anayesema, na anasema wapi. Umri unanisaidia kufuta maneno yasiyofaa tu.

Kinachotuponza ni upana wa neno letu "kijana". Wa miaka 16 ni kijana, wa 34 naye ni kijana, na hakuna anayeshangaa. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unawahesabu kuanzia 15 hadi 35, ilhali takwimu za Umoja wa Mataifa zinaishia 24. Kwa hiyo ukiandikia shirika, uliza kwanza wao wanahesabuje. Ukimwandikia msomaji wa kawaida, mtu wa miaka 33 si "a youth" hata kidogo. Mwite "a young man" au "a young woman".

"Teenager" halina fumbo: ni kuanzia "thirteen" hadi "nineteen", namba zenye "-teen" mkiani. Wa miaka 12 hajafika, hata awe amempita baba yake kwa urefu. "Adolescent" ni la madaktari na wanasaikolojia. Shirika la Afya Duniani huanzia miaka 10 hadi 19. Usilipeleke kwenye mazungumzo ya nyumbani. Na ukisema mtu mzima ana tabia za "adolescent", jua umemtukana.

"Child" kisheria ni aliye chini ya miaka 18, ndivyo Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unavyosema kwa jumla. Lakini "mtoto" wetu pia ni yule uliyemzaa, hata akiwa na mvi. Hapo mimi huandika "son" au "daughter", nisije nikamvalisha kaptula mzee wa watu. "Kid", ambalo asili yake ni mwanambuzi, ni la kuongea. Halikai kwenye hati ya kiapo wala barua ya rambirambi.

Wadogo kabisa hawana taabu: "baby", kisha "toddler" akianza kutembea kwa kuyumbayumba. "Infant" waachie wauguzi.

Sasa chukua sentensi hii: "Kijana wa miaka 16 amepotea tangu Jumatatu." Ukiandika "a minor", unasikia karani wa mahakama. "A juvenile" ni mahakama vilevile, au mtaalamu wa ndege anayezungumzia kinda ambalo halijapata manyoya ya ukubwani. "A youth", msomaji ataanza kujiuliza alifanya nini huyo. "A kid" ni jirani anayesimulia dirishani. "A teenager" linafaa. Ila mimi ningeandika "a 16-year-old boy", maana tangazo la aliyepotea linataka watu wamwone mtoto wa mtu.

Tatizo ni kwamba Kiswahili hakijaniambia ni wa kiume. Nimewahi kubahatisha nikaandika "boy", kumbe binti. Siku hizi namuuliza aliyenipa kazi, na asipojibu naacha "a 16-year-old" bila nomino yoyote mbele. Kiingereza kinaruhusu.

Ukilitumia hilo, angalia herufi moja. "A 16-years-old boy" ni kosa ninalolifuta karibu kila wiki. Likisimama kabla ya nomino, "year" halina "s" na vistari viwili vinakaa. Likija baada ya kitenzi, "he is 16 years old", "s" inarudi na vistari vinaondoka.