Usiku wa Kwanza Hemani: Jinsi ya Kujiandaa kwa Kambi ya Hell's Gate

Kwa anayeanza, Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, inafaa sana. Humo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, na kuna maeneo ya kupigia kambi kama Ol Dubai na Naiburta. Lipia kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, kabla hujaondoka nyumbani.

Anza na hema. Lililoandikwa la watu watatu hulaza wawili na mizigo yao. Wiki moja kabla ya safari lisimamishe uani: hesabu nguzo, vigingi na kamba, jaribu kila zipu, kisha limwagie ndoo mbili za maji na ukague mishono kwa ndani. Siku ya pili lisimamishe tena, safari hii gizani kwa mwanga wa tochi. Zoezi hili lisirukwe, maana nguzo iliyovunjika hugunduliwa kambini, duka likiwa mbali.

Turubai la chini likunjwe kingo, liwe dogo kuliko hema kwa sentimita 5 kila upande. Likichomoza nje hukinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako. Vigingi vipigiliwe kwa mshazari, vichwa vikielekea nje ya hema. Penye vumbi la volkano hung'oka upesi. Weka jiwe zito juu ya kila kimoja.

Ukiamka umekuta matone ndani, usikimbilie kusema hema linavuja. Mara nyingi ni mvuke wa pumzi uliopoa kwenye kitambaa. Acha matundu ya juu wazi, na ukaze kitambaa cha nje kisigusane na cha ndani.

Sasa baridi, ambayo ndiyo huwashinda wengi. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Blanketi tatu juu yako hazisaidii ikiwa chini huna kitu, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mwili. Tandika sponji au mikeka miwili ya povu kwanza, ndipo mfuko wa kulalia. Vaa soksi kavu ambazo hukutembea nazo mchana. Usiingize jiko la mkaa wala la gesi hemani hata kwa dakika chache: hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu usingizini.

Beba lita 5 za maji kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoshea vyombo. Chakula kifungiwe garini, kwani nyani hupasua hema kwa ajili ya ndizi moja.

Fika kabla ya saa kumi jioni. Jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu.

Ukitaka kushuka Bonde la Ol Njorowa, korongo lililomo hifadhini, nenda na mwongozaji, na uliza hali ya mvua ya milimani kwanza. Mafuriko ya Septemba 2019 yaliua watu saba humo. Maji huweza kufika kwa ghafla kutoka mbali wakati juu yako jua linawaka, na bonde ni jembamba kiasi kwamba hakuna pa kukimbilia.