Masika Yamekwisha: Kagua Nyumba Yako ya Zanzibar Kabla ya Kuipaka Rangi

Mwezi wa sita huku Ulaya majirani wanatoa mashine za kukatia majani na ngazi za kuoshea madirisha, maana joto limeanza. Mwenye nyumba Unguja au Pemba ana kazi nyingine mwezi huohuo. Kule masika ya Machi hadi Mei yamekatika, kusi imeshika, na kipupwe kimeingia. Nyumba imetoka kunyeshewa kwa muda wa miezi mitatu, na kuta bado zinaonyesha maji yalikopita. Ukingoja mpaka mwezi wa nane, madoa yatakuwa yamekauka, fundi ameshapaka rangi, na wewe umeshalipa.

Mimi nimelipa hivyo mara tatu. Nyumba yangu iko Fuoni, ya matofali na mabati. Kila Sikukuu ikikaribia naletewa picha ya doa la kahawia kwenye dari ya chumba cha uani, nami natuma pesa ya rangi. Picha za baadaye zilikuwa nzuri, dari nyeupe pe. Mwaka wa nne nikaenda mwenyewe. Nilipofungua mlango wa chumba kile nilipokewa na harufu ya ukungu, kama ya nguo zilizosahauliwa sandukuni, na godoro lilikuwa limeota madoa meusi upande wa ukutani. Fundi alipopanda juu hakukaa hata robo saa. Misumari minne ya bati ilikuwa imeliwa na kutu, mipira yake imekwisha, na ukiwa ndani ya dari unayaona matundu yanang'aa kama nyota. Misumari minne! Gharama yake haikufika hata ya kopo moja la rangi.

Tangu hapo kwangu maji kwanza, rangi mwisho.

Ukimpigia anayekushikia nyumba, usimwambie tu "nitumie video ya nyumba". Atasimama katikati ya ukumbi, atazungusha simu, na utaona sofa. Mimi namwambia ami yangu hivi: "Shikamoo ami. Jumamosi nakuomba utafute kijana wa kupanda juu na mpira wa maji, na mwengine aingie darini na tochi na chaki." Anayemwaga maji aanze chini, kwenye ukingo wa paa, akae kama dakika kumi, kisha apande kidogo kidogo mpaka kwenye kofia ya mabati. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua tundu liko wapi. Aliye ndani azungushie chaki kila tone linapoingia, kisha apige picha. Na aliye juu akanyage kwenye mistari ya misumari, palipo na mbao chini yake. Akikanyaga katikati ya bati ataongeza kazi.

Kutu huanzia kwenye misumari, kwenye kingo, na pale bati linapolalia bati jingine. Nyumba za Paje, Jambiani na Makunduchi zinapokea kusi uso kwa uso, na upepo ule unakuja na chumvi ya bahari kwa miezi. Kama bati ni la kubadilisha, kumbuka kwamba namba ya geji ikipungua bati linakuwa nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Muuzaji atakwambia zote sawa. Si sawa.

Miti iliyolalia paa ikatwe sasa. Majani ya muembe yanaziba mifereji, maji yanarudi chini ya mabati, na hapo utalaumu misumari bure. Mnazi ulioinamia nyumba usiujadili.

Baada ya paa, mtu azunguke nje aangalie msingi. Pemba hili ni kubwa zaidi, kwa sababu nyumba nyingi za Wete, Chake na Mkoani zimekaa juu ya miteremko na udongo wake unachukulika. Masika moja yanaweza kulamba ardhi pembeni mwa nyumba mpaka msingi ubaki wazi kama jino. Kurudishia udongo peke yake hakusaidii, mwakani utakwenda tena. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba ili maji yapite kando, kisha ndiyo ujaze na kushindilia.

Wenye dari la zege watafute mpasuko ulionyooka, wenye rangi ya kutu. Huo unafuata nondo. Mchanga wa pwani una chumvi, chumvi inaila nondo, nondo ikishika kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Fundi atataka kupiga plasta juu yake. Mkatalie. Zege bovu libanduliwe, nondo isuguliwe mpaka iwe safi, ndipo irudishiwe. Na kama mpasuko uko kwenye nguzo au boriti ya zege, muite mhandisi, si fundi rangi.

Sasa Mji Mkongwe, ambako wengi wetu tuna vyumba viwili vya urithi na hoja ishirini. Nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba umefuata urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa taratibu jua likitoka. Ukiufunika kwa saruji na rangi ya mafuta, umeuziba pumzi. Maji yanabaki ndani, chokaa inalegea, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuona. Kwa hiyo jiwe kwa chokaa, chokaa kwa chokaa, na fundi aliyezoea matofali ya Fuoni si lazima awe fundi wa Shangani. Mwambie agonge vichwa vya boriti kwa nyundo ndogo, vilivyooza vinatoa mlio mzito. Na kwa kuwa mji ule umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ukarabati unahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Aliyeona sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la mji huohuo, ilivyoanguka Desemba 2020 hatakiita kibali hicho usumbufu. Kinachochelewesha zaidi, kusema kweli, ni warithi kumi na mmoja kila mmoja akimsubiri mwenzake atume kwanza.

Mengine ni mepesi. Tangi lioshwe, mfuniko ukae sawasawa mbu wasizaliane, na boya lijaribiwe. Shimo la choo likaguliwe kama halikujaa maji ya mvua. Fremu za milango ziangaliwe vijia vya udongo vya mchwa, hasa nyuma ya makabati. Soketi yoyote iliyo kwenye ukuta wenye unyevu izimwe mpaka fundi umeme aione. Friji ya nyumba isiyokaliwa ichomolewe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, hiyo ndiyo ya kwanza kufa.

Kuhusu pesa, mimi sitoi mkupuo. Vifaa nalipia dukani moja kwa moja na risiti napigiwa picha. Ufundi nalipa mara tatu, na fungu la mwisho linatoka baada ya kumwaga maji tena juu ya paa. Fundi mzuri haoni vibaya. Na fanya haraka: mwezi wa saba na wa nane wenzetu wote wanateremka na watoto wao, kila mtu anataka fundi yuleyule. Pemba usisubiri karafuu zikolee, maana vijana watakuwa mashambani juu ya mikarafuu, na wako sawa, kule kuna pesa.

Rangi ije baada ya ukuta kukauka kabisa. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote, kikae siku mbili. Ukikuta umande ndani yake, subiri.

Siku hiyo ya Jumamosi madirisha yote yafunguliwe tangu asubuhi, na milango ya makabati pia. Lakini kabla hayajafunguliwa, mpigie uliyemwachia ufunguo wakati ndiyo kwanza anaingia, umuulize lile ambalo video haitakuonyesha: chumba cha uani kinanukaje?